Maswali ya Wasomaji: Wanaoandika Programu na Wenzao Kazini

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zimeandikwa na watu wanaojipatia riziki kwa kuandika programu za kompyuta, na kilichonigusa ni kwamba karibu hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za kompyuta yenyewe. Wameuliza habari za wenzao: anayewakaripia, anayewaharakisha, aliyewaachia msimbo (maandishi ya amri za programu) usiosomeka kisha akaondoka. Nimeteua barua 7, nimezifupisha, na majina nimeyaweka kando, kwa kuwa waandishi wengi bado wanafanya kazi na walewale wanaowalalamikia.

SWALI: Nina mwaka mmoja kazini. Kila ninapowasilisha msimbo wangu upitiwe kabla ya kuunganishwa na wa wenzangu, mpitiaji mmoja hunirudishia maoni 30 au 40, mengine ya maneno kama "Nani amekufundisha haya?" Sasa ninakaa na kazi siku nyingi bila kuiwasilisha kwa kuogopa. Je, niombe nibadilishiwe mpitiaji, au nivumilie kwa kuwa ndivyo kazi hii ilivyo?

JIBU: Umechanganya mambo mawili ambayo inafaa yatenganishwe, yaani wingi wa maoni na ukali wake. Wingi si tusi. Tangu mwaka 1976, Michael Fagan wa kampuni ya IBM alipochapisha utaratibu wake wa kukagua msimbo kwa pamoja kabla haujaanza kutumika, imefahamika kwamba jicho la pili huona makosa ambayo mwandishi mwenyewe huyapita, kwa sababu mwandishi husoma kile alichokusudia kuandika, hata pale alipoandika kingine. Maoni 40 kwa mtu wa mwaka mmoja ni jambo la kawaida, na ukiyachunguza huenda ukakuta ni maoni 6 au 7 yaliyorudiwarudiwa. Hata hivyo Fagan huyohuyo alionya kwamba matokeo ya ukaguzi yasitumiwe kabisa kumpima mfanyakazi, na sababu yake iko wazi: siku watu watakapojua kuwa kila kosa linalobainika linahesabiwa dhidi yao, wataacha kuyatafuta makosa na kuanza kuyafunika. Hayo ndiyo yanayokupata. Unaificha kazi, msimbo unazidi kurefuka, na siku unapoutoa unakuwa mrefu kiasi kwamba maoni 40 hayaepukiki tena.

Kuhusu ukali, waliokuwa wakiutetea walizoea kumtolea mfano Linus Torvalds, aliyeanzisha mfumo endeshi wa Linux mwaka 1991 na ambaye kwa miaka mingi barua pepe zake kwa waliomletea msimbo mbovu zilisifika kwa matusi. Mwezi Septemba mwaka 2018 Torvalds aliomba radhi hadharani kwa mwenendo wake, akakaa kando kwa wiki kadhaa, na mradi ukapitisha kanuni mpya za maadili. Hoja ya "ndivyo kazi ilivyo" ilimpoteza shahidi wake mkuu siku hiyo.

Usiombe mpitiaji mwingine kwa sasa. Anza kuwasilisha vipande vidogo, kila siku ukiweza, kwani mabadiliko ya mistari 80 husomwa, ilhali ya mistari 2,000 ama hupitishwa bila kusomwa ama humkasirisha anayeyasoma. Akiandika tena "Nani amekufundisha haya?", mjibu papo hapo, kwa adabu, mahali ambapo timu nzima inaona: "Naomba unionyeshe ni hali gani itakayoifanya sehemu hii ikwame." Jibu hilo litamlazimu aandike kile alichopaswa kukiandika tangu mwanzo, kwa mfano kwamba orodha ikiwa tupu, mstari wa 42 utaisimamisha programu nzima. Akiwa hana la kusema, utakuwa umejua uzito wa maoni yake. Akiendelea na kejeli baada ya hapo, mpelekee kiongozi wa timu maoni hayo kama yalivyoandikwa, bila kuongeza neno lako hata moja.

SWALI: Wiki iliyopita nilidhani niko kwenye seva ya majaribio, nikafuta jedwali la wateja kwenye seva inayotumika. Data ilirejeshwa kutoka kwenye nakala ya usiku uliotangulia, lakini maagizo ya nusu siku yalipotea. Meneja ameniagiza niandike ripoti ya "kueleza uzembe wangu". Niandike nini?

JIBU: Pole sana. Kwanza kabisa, neno "uzembe" lisionekane katika ripoti yako. Sikushauri hivyo ili uikwepe adhabu; neno hilo halimwambii msomaji kitu chochote anachoweza kukirekebisha kesho asubuhi.

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa wasanidi wa kila pembe ya dunia, alikuwa akihangaika na seva mbili za hifadhidata: moja kuu, na nyingine ya akiba iliyokuwa imeshindwa kwenda sambamba na ile kuu. Aliamua kuifuta data ya ile ya akiba ili aianzishe upya, akatoa amri, na baada ya sekunde moja au mbili akatambua kwamba dirisha alilokuwa akiliandikia lilikuwa la seva kuu. Aliikatiza amri, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimesalia 4.5 tu. Mpaka hapo habari hiyo ni yako wewe, ukibadilisha majina. Timu ilipokimbilia nakala za akiba ndipo mambo yalipofunuka: nakala zilizodhaniwa kutengenezwa kila siku hazikuwepo, kwa kuwa programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilopatana na toleo la hifadhidata, na barua pepe za kuarifu kwamba unakili umeshindikana zilikuwa zikikataliwa kimyakimya na mfumo wa barua. Kilichowaokoa ni nakala moja ambayo mhandisi huyohuyo aliichukua kwa mkono saa 6 kabla ya tukio, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya hizo saa 6 haikurudi.

Kampuni iliiweka hati ya tukio wazi kwa umma, ikarusha kazi ya urejeshaji moja kwa moja mtandaoni, na katika ripoti yake ya mwisho mhandisi hakutajwa jina. Sasa fikiria kama ripoti hiyo ingeishia kwenye maneno "mhandisi alikuwa mzembe". Mhandisi angefukuzwa, wengine wangetikisa vichwa, na zile barua pepe zingeendelea kukataliwa hadi atakapokuja mtu mwingine na dirisha lisilo sahihi, safari hii bila nakala ya bahati.

Kwa hiyo andika mfuatano wa mambo kama ulivyoyaona wewe kwa wakati ule, kabla hujajua mwisho wake. Andika kwamba saa 5:10 usiku madirisha mawili yalikuwa wazi, yote yakiwa na rangi moja, na jina la seva halikuonekana kwenye mstari wa amri. Andika ulichoamini, na kilichokufanya uamini hivyo. Andika kwamba nenosiri lililofungua seva ya majaribio ndilo lililofungua seva ya wateja, ikiwa ndivyo ilivyokuwa, na kwamba amri ya kufuta haikuuliza swali lolote kabla ya kutekelezwa. Kisha pendekeza: akaunti za kila siku zisiwe na uwezo wa kufuta majedwali kwenye seva ya wateja, dirisha la seva hiyo liwe jekundu, nakala zichukuliwe kila saa, na, jambo ambalo wengi hulisahau, mara moja kwa mwezi nakala irejeshwe kwa majaribio ili ijulikane kama kweli inarejeshwa. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu.

Meneja wako anaweza kusema kwamba kutolaumu ni kulea. Mwaka 2012 John Allspaw, aliyekuwa akiongoza wahandisi wa Etsy, soko la mtandaoni, aliandika juu ya mapitio ya matukio yasiyo na lawama, akichota mawazo kutoka kwa wachunguzi wa usalama katika fani kama urubani na tiba. Hakusema mtu aachwe huru tu. Katika utaratibu wake, aliyefanya kosa hupewa mamlaka na wajibu wa kueleza kila kitu kwa kina, kwa kuwa yeye ndiye anayelijua kuliko wote. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwenye vyumba vya seva anayeficha maradhi mara nyingi ni yule aliyemwona mwenzake akiadhibiwa kwa kusema ukweli. Mweleze meneja hilo. Asipolielewa, mpe ripoti hiyohiyo.

SWALI: Timu yetu imegawanyika. Nusu wanataka mistari ya msimbo isogezwe ndani kwa nafasi, nusu kwa kitufe cha Tab. Tumejadili vikao viwili. Upande gani una haki?

JIBU: Wowote. Sakinisheni programu ya kupanga msimbo, ijiendeshe yenyewe kila mtu anapohifadhi faili, na mjadala ufungwe leo. Waliotengeneza lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, waliitoa pamoja na programu ya namna hiyo, na karibu watumiaji wote wa lugha hiyo huandika kwa mpangilio mmoja bila kuhojiana.

Hata hivyo sitawacheka, maana chaguo dogo la namna hii huweza kudumu kuliko aliyelichagua. Stuart Feldman alipoandika Make, programu ya kuunganisha faili za msimbo kuwa programu kamili, katika maabara za Bell mwaka 1976, aliweka sharti kwamba mistari fulani lazima ianze kwa Tab. Baada ya wiki chache aliona sharti hilo lina kasoro, lakini tayari alikuwa na watumiaji kama 12, wengi wao rafiki zake, na hakutaka kuwavurugia kazi. Sharti lipo hadi leo.

SWALI: Ninaongoza timu ya watu 5. Mradi umechelewa miezi 2, na uongozi umeniletea watu 5 wengine ili "tufidie muda". Tangu wafike tumezidi kuchelewa. Nitawaelezaje wakubwa bila kuonekana mtovu wa shukrani?

JIBU: Waeleze kwamba jambo hilo lilikwisha kuwapata wakubwa kuliko wao. Katika miaka ya 1960 Frederick Brooks aliongoza uandishi wa mfumo endeshi wa kompyuta za IBM System/360, kazi iliyomeza watu wengi mno na ikachelewa vilevile, na mwaka 1975 akaandika kanuni ambayo leo huitwa kwa jina lake: kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Wapo wanaoidhani kanuni hiyo kuwa mzaha. Ina hesabu ndani yake. Watu 5 wana jozi 10 za watu wanaopaswa kuelewana. Watu 10 wana jozi 45. Umeongezewa mikono mara mbili na mazungumzo zaidi ya mara nne, na mazungumzo hayo yote yanakatiza kazi ya wale 5 wa mwanzo, ambao peke yao ndio wanaojua kwa nini faili fulani haliguswi na kwa nini jaribio fulani hushindwa kila mwisho wa mwezi. Tuna methali isemayo manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini hapa hata manahodha si wengi; tatizo ni mabaharia ambao kila mmoja lazima aonyeshwe kamba iko wapi, na wa kuwaonyesha ni walewale wanaoshika usukani.

Usiwarudishe hao watu 5. Gharama ya kuwafundisha umekwisha kuilipa nusu, na kuwaondoa sasa ni kuitupa. Wape kazi ambazo hazihitaji kuujua mfumo wote: majaribio ya sehemu zilizokwisha kukamilika, hitilafu ndogo zilizorundikana, maelekezo ya usakinishaji ambayo hakuna aliyepata nafasi ya kuyaandika. Mteue mtu mmoja tu kati ya wale wa mwanzo kuwa mjibu maswali wao, na umwondolee kazi nyingine zote kwa wiki hizo, hata ikikuuma. Wanne waliobaki wasisumbuliwe.

Baada ya hapo ndipo uende kwa wakubwa, na usiende na malalamiko. Nenda na orodha ya yote yaliyoahidiwa, ukiwa umeipanga kuanzia lile ambalo bila hilo programu haina maana hadi lile lililoongezwa kikaoni kwa sababu mtu fulani alilipenda. Chora mstari mahali unapoamini mtafika kwa tarehe iliyopo, kisha waulize wao nini kishushwe chini ya mstari. Mazungumzo ya kupunguza kazi huwa magumu kwa saa moja. Mazungumzo ya kusogeza tarehe hurudi kila mwezi.

Ninashuku pia, na utaniwia radhi nikiwa nimekosea, kwamba miezi 2 hiyo haikutokea kwa siku moja. Miradi huchelewa siku moja moja, na kila siku kuna mtu anayejua na kunyamaza, kwa sababu mara ya mwisho aliyesema aliulizwa kwa nini hajitumi. Neno linalofunika ukimya huo ni "asilimia 90 tayari". Lipige marufuku. Katika ripoti za kila wiki kazi iwe ama imekamilika, imejaribiwa na inaonekana ikifanya kazi, ama haijakamilika. Wiki ya kwanza utaona aibu, maana orodha ya yaliyokamilika itakuwa fupi kuliko ulivyodhani, lakini angalau mtakuwa mnaitazama orodha moja. Na wakikuambia timu ilale ofisini, kumbuka kwamba hata Kent Beck, aliyeasisi mtindo wa kazi ujulikanao kama Extreme Programming katika miaka ya 1990, aliweka saa 40 kwa wiki kuwa miongoni mwa kanuni zake. Mtu aliyechoka huandika msimbo ambao wengine wataurekebisha mwezi ujao.

SWALI: Tumerithi mfumo wa malipo wenye umri wa miaka 14. Aliyeuandika ameshaondoka. Vijana wote katika timu wanataka tuutupe na kuuandika upya. Mimi ninaogopa, lakini ninaonekana mzee wa fikra. Nifanyeje?

JIBU: Hofu yako ina msingi. Msimbo wa miaka 14 umejaa mistari inayoonekana ya kipuuzi, na kila mmoja huenda ni kumbukumbu ya mteja aliyelipa mara mbili au benki iliyotuma tarehe kinyumenyume. Mkiuandika upya mtayajua hayo kwa kukosea tena, hitilafu moja baada ya nyingine, mbele ya wateja walewale.

Hata hivyo vijana nao wana haki, kwani kuuacha ulivyo nako kuna hatari. Mwishoni mwa Julai 2012, kampuni ya biashara ya hisa ya Knight Capital nchini Marekani iliweka msimbo mpya kwenye seva zake 8, lakini seva moja ikasahauliwa. Msimbo huo mpya ulitumia swichi ambayo zamani iliwasha sehemu nyingine ya mfumo, sehemu iliyoachwa kutumika tangu 2003 bila kufutwa. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti, kwenye seva iliyosahauliwa, swichi iliifufua sehemu hiyo mfu, ikaanza kununua na kuuza bila kikomo, na katika dakika 45 kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440. Kuna jambo moja katika uchunguzi wa serikali ambalo mimi hulikumbuka kuliko hizo fedha: kabla soko halijafunguliwa, mfumo ulikuwa umewatumia wafanyakazi barua pepe 97 zilizoitaja sehemu hiyo ya zamani kwa jina lake. Hakuna aliyezichukulia kuwa onyo.

Kwa hiyo msiutupe, na msiuache. Mwaka 1992 Ward Cunningham alitumia mfano wa deni kwa msimbo ulioandikwa kabla tatizo halijaeleweka vizuri; kukopa si kosa, alisema, mradi urudi kulipa kwa kuuandika upya kadiri unavyozidi kuelewa. Lipeni kidogo kidogo. Andikeni kwanza majaribio yanayonasa jinsi mfumo unavyotenda leo, pamoja na makosa yake, kisha mbadilishe kipande kimoja, mkitumie kwa wateja, ndipo mguse kinachofuata. Kisichotumika kifuteni siku hiyohiyo mnapokigundua, kwani historia ya mabadiliko itakitunza. Na huyo aliyeondoka, mtafuteni. Mlipeni kwa saa chache za kuwasimulia. Ninashangazwa na idadi ya timu zinazoweza kutumia miezi mingi kukisia jambo ambalo mtu mmoja angelijibu kwa simu.

SWALI: Ninatunza maktaba ya programu huria, yaani msimbo wa bure ambao programu nyingine huutumia ndani yake, na inatumiwa na kampuni nyingi. Silipwi. Nimechoka, na watu wasiojulikana wananiandikia wakinilaumu kwa kuchelewa. Mmoja wao amejitolea kunisaidia na anaonekana mwema. Nimkabidhi?

JIBU: Msaidizi mwema ni neema, na wengi wao ni wema kweli. Lakini kabla hujamkabidhi funguo zote, itazame habari ya XZ, programu ndogo ya kubana data iliyomo katika mifumo mingi ya Linux. Mtunzaji wake alikuwa mmoja, hakulipwa, na alikwisha kusema wazi kwamba amelemewa. Msaidizi akajitokeza, akachangia kwa bidii kwa zaidi ya miaka 2, huku akaunti nyingine zisizojulikana zikimsakama mtunzaji kwamba kazi inasuasua na kwamba aongeze mtu. Msaidizi alipopata mamlaka aliingiza mlango wa siri wa kuingilia kwenye kompyuta za wengine katika matoleo ya mwanzoni mwa 2024. Mlango huo uligunduliwa mwezi Machi na mhandisi Andres Freund, ambaye hakuwa akiutafuta: aliona tu kwamba kuingia kwenye seva kwa mbali kumechelewa takribani nusu sekunde, na hakukubali kuliachia hilo jambo.

Zingatia kwamba shambulio halikuanzia kwenye msimbo. Lilianzia kwenye uchovu wa mtu na kelele za waliomdai kazi ambayo hawakuilipia. Kwa hiyo wanaokulaumu usiwajibu. Funga mijadala yao bila maelezo. Andika juu kabisa ya ukurasa wa maktaba yako kwamba inatunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea, na kwamba kampuni inayohitaji majibu ya haraka iwasiliane nawe kwa mkataba wa malipo. Baadhi zitakuja, nyingi hazitakuja, na hizo hazina cha kukudai. Huyo msaidizi mpe kazi, mshukuru, apitie michango ya wengine, lakini ruhusa ya kutoa matoleo ibaki kwako hadi mtakapokuwa watatu, na kila toleo liidhinishwe na wawili. Na ukitaka kuacha kabisa, tangaza kwamba umeacha. Maktaba iliyotangazwa kuwa haina mtunzaji huwapa watumiaji wake nafasi ya kujipanga.

SWALI: Nimeanza kazi miezi 3 iliyopita. Ninaogopa kuwauliza wakubwa zangu wasije wakaniona sijui, kwa hiyo kila kitu ninaiuliza akili mnemba. Msimbo inaoniandikia unafanya kazi, lakini juzi niliulizwa kikaoni kwa nini nimeandika hivyo nikakosa jibu. Niache kuitumia?

JIBU: Huna haja ya kuiacha. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 zana hizi zimeenea sana, na huenda wakubwa zako wanazitumia pia. Zinafaa kwa mambo yaliyo sawa popote duniani: namna ya kuandika amri fulani, maana ya ujumbe wa hitilafu, mfano wa lugha ambayo hujaizoea. Lakini kwa nini wateja wa kampuni yako hawaruhusiwi kubadilisha namba ya simu siku ya Ijumaa, hilo liko katika vichwa vya watu wawili au watatu hapo ofisini, na hakuna mashine iliyolisoma. Mwaka 1985 mwanasayansi wa kompyuta wa Denmark, Peter Naur, alitoa hoja kwamba programu hasa ni uelewa walio nao wanaoiandika, na maandishi yake ni alama tu ya uelewa huo; timu ikitawanyika, programu hufa hata kama faili zote zipo. Ulichokosa kikaoni ni uelewa huo, na wenye kukupa ni hao unaowaogopa.

Jiwekee sharti kwamba hutawasilisha mstari usioweza kuueleza kwa mdomo, hata kama unafanya kazi. Na unapowauliza wakubwa, uliza kwa namna inayoonyesha umehangaika: nilitaka kufanya hili, nilijaribu hili na hili, nilitarajia kuona hivi, nimeona hivi badala yake, na ninashuku sababu ni hii. Swali la namna hiyo huchukua dakika 10 kuliandika, na mara nyingine jibu hujitokeza kabla hujafika kwenye alama ya kuuliza. Liweke kwenye mazungumzo ya timu nzima, usimtumie mtu mmoja faraghani, ili naye aliyeajiriwa wiki moja baada yako, anayeogopa vilevile, alisome. Ukikwama kwa zaidi ya saa moja bila kusogea, uliza hata kama hujamaliza kulipanga. Miezi 3 bado ni mapema. Anza na lile walilokuuliza kikaoni.